Baba ataka injinia, binti ataka kompyuta: Mama Shiro amsikize nani?

Mwalimu, habari yako. Natumai u mzima.

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Githurai 45. Nauza nyanya, vitunguu na mboga za kienyeji karibu na stendi. Kifungua mimba wangu, Shiro, alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka jana akapata B. Hisabati alipata B+, fizikia C+, Kiswahili A-. Nilimshukuru Mungu nikadhani kazi imeisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Shida ni kuchagua kozi. Nyumbani sote tumekubaliana asomee mambo ya kompyuta kwa sababu mtoto mwenyewe anayapenda. Lakini kila mtu ana kompyuta yake. Baba yake ni fundi wa magari Kirinyaga Road, na anataka uhandisi wa kompyuta. Anasema binti yake ataitwa injinia, hakuna atakayemwita fundi kama yeye anavyoitwa. Mjomba wake anauza simu Luthuli Avenue, na huyo anasema teknolojia ya habari ndiyo yenye kazi, hizo nyingine ni nadharia tupu. Shiro ameandika sayansi ya kompyuta, ila nikimuuliza kwa nini, ananijibu kwamba marafiki zake wote wameandika hiyo. Halafu yuko binamu yake aliyemaliza chuo na hadi leo hajapata kazi. Huyo anatucheka, eti siku hizi akili unde (AI) inaandika programu yenyewe, tunamtuma mtoto akasomee ukosefu wa kazi. Juzi tulipoingia kwenye tovuti ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, tukaona pia uhandisi wa programu, na nyingine imechanganya biashara na teknolojia ya habari. Nilifunga simu nikaenda kulala.

Mwalimu, mimi niliishia darasa la nane. Sijui kozi hizi zinatofautiana vipi, na ninaona haya kuuliza mbele ya watoto. Ninachokijua ni mtoto wangu. Mwaka jana alichukua daftari langu la madeni akaliingiza lote kwenye simu, kwa majedwali. Sasa ananionyesha nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hajawahi kulipa hata siku moja. Akaniambia nipunguze nyanya za Jumatatu kwa kuwa ndizo huniozea zaidi. Nilibisha, lakini alikuwa sawa. Tangu amalize mtihani anasaidia kwenye saiba ya jirani, watu wanakuja kujaziwa fomu za KRA na za eCitizen, na mwenye saiba anasema ana kichwa chepesi. Ila mashine ikiharibika haigusi, anaita mtu.

Muda wa kuchagua unayoyoma. Baba Shiro amesema kama si injinia, yeye hatatoa hata nauli. Nifanye nini?

Mama Shiro, Githurai


MWALIMU ANAJIBU

Mama Shiro, unasema hujui kitu, kisha unanipa mambo mawili ambayo wazazi wengi wenye digrii hawawezi kunieleza kuhusu watoto wao. La kwanza ni lile daftari la madeni. La pili ni ile mashine ambayo Shiro haifungui. Nitayarudia, kwa sababu kwangu yana uzito kuliko jina la kozi yoyote.

Kwanza nikuondolee ile haya. Mkanganyiko huu haukuanzia Githurai. Mwaka 2005 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa kompyuta, ACM na IEEE vikiwemo, vilitoa ripoti ya kueleza taaluma hii ina matawi gani, na wakaishia na matano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Ripoti iliyofuata, ya 2020, ikaingiza usalama wa mitandao na sayansi ya data. Kama wataalamu wenyewe walihitaji ripoti nzima kuyatenganisha, mama wa kibanda hana cha kuonea haya. Na vyuo vyetu navyo huongeza majina yao. Nenda JKUAT pale Juja, utakuta sayansi ya kompyuta, teknolojia ya kompyuta na teknolojia ya habari, zote chuo kimoja.

Tuchukue kitu unachokitumia kila siku. Mteja akikulipa sukuma wiki kwa M-Pesa, simu yako inalia. Aliyebuni saketi na chipu zilizo ndani ya simu ile ni mtu wa upande wa uhandisi. Aliyekuna kichwa kuhusu namna ya kupitisha malipo mengi kwa wakati mmoja bila pesa kukatwa mara mbili au kupotelea njiani, huyo anafikiri kwa njia ya sayansi ya kompyuta. Kuna kikosi kinachoandika programu yenyewe, kuijaribu, kuirekebisha na kuilinda isiharibike kila inapoongezwa kitu kipya, na hapo ndipo uhandisi wa programu unapoingia. Watu wa teknolojia ya habari wanakesha na mitandao na seva, zile kompyuta zinazohudumia simu zote, ili usiku wa manane mtu aliye hospitali aweze kulipa. Na yule anayekaa kati ya wahasibu na mafundi, akiuliza mawakala wanahitaji ripoti gani na kamisheni yao ihesabiwe vipi, ni mtu wa mifumo ya habari. Kozi ile uliyoona yenye biashara ndani yake iko upande wa huyo wa mwisho.

Hata hivyo, kazini mipaka hiyo huvukwa kila siku, na katika kampuni ndogo mtu mmoja hufanya kazi za watatu. Mwajiri wa Nairobi akisoma cheti chako atataka zaidi kuona umetengeneza nini. Lakini miaka minne ya darasani ni mingi, na mtoto akiipitisha kwenye masomo yasiyomwingia ataanza kukosa vipindi kabla hajafika mwaka wa tatu.

Sasa Baba Shiro. Namwelewa, na sitaki umpuuze. Mtu aliyeshinda chini ya magari Kirinyaga Road miaka yote hiyo ana haki ya kumtakia mwanawe jina linaloheshimiwa. Lakini kuna mambo matatu ambayo huenda hajaambiwa. Uhandisi huchukua miaka mitano, ilhali kozi nyingine tunazozungumzia ni minne. Pia jina la injinia nchini Kenya linalindwa na sheria ya 2011, na anayesajili wahandisi ni Bodi ya Wahandisi, EBK. Bodi hiyo ina orodha ya kozi inazozitambua, chuo kwa chuo. Mtu anaweza kusoma kozi yenye neno uhandisi miaka yote mitano, kisha akagundua kwamba kozi ya chuo chake haimo. Kwa hiyo kabla hajasema lolote jingine, Baba Shiro aitafute orodha hiyo aone kama kozi anayoitaka, katika chuo anachokitaka, imo. Na uhandisi wa programu usimchanganye. Licha ya jina, katika vyuo vingi hufundishwa kama kozi ya sayansi ya miaka minne, na kuandika programu Kenya hakuhitaji leseni ya mtu yeyote.

La tatu ndilo zito. Uhandisi wa kompyuta ni umeme, saketi, mawimbi na vifaa. Fizikia inakaa katikati. Shiro ana C+ ya fizikia, na mashine ikiharibika anaita mtu. Sisemi C+ ni aibu, na wapo waliofika mbali nayo. Ila ukiziweka pamoja, alama na tabia, zote zinakwambia kitu kimoja. Kumpeleka huko ni kumpa ndoto ya baba yake aibebe miaka mitano.

Mjomba wa Luthuli amesema kweli nusu. Kazi za teknolojia ya habari ziko, na zinaonekana: kila benki, hospitali, shule na ofisi ya kaunti inahitaji mtu wa mtandao na seva. Mwanafunzi wa kozi hiyo aliyejiongezea cheti kama CCNA, kile cha mitandao, ana kitu cha kuonyesha tangu siku ya kwanza. Pale anapokosea ni kusema nyingine ni nadharia tupu. Ile nadharia ndiyo humwezesha mtu kubadilika lugha za programu na vifaa vinapobadilika. Nikumbushe jambo dogo: hadi 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani, ndipo zikahamishiwa hapa nyumbani. Huduma ilikuwa imezinduliwa 2007, Wakenya tunaitumia na kujivunia, ilhali mitambo yake ilikuwa ng'ambo. Tunahitaji watu wanaojua kuendesha mfumo na pia wanaojua kuujenga.

Kwa nini basi nisiseme teknolojia ya habari iwe ya kwanza? Kwa sababu ya hisabati yake. Mwenye B+ ya hisabati na sayansi ya kompyuta anaweza baadaye kufanya kazi za mitandao, za data au za biashara kwa kujiongezea vyeti. Safari ya kurudi ni ngumu zaidi: aliyekwepa miundo ya data (namna ya kupanga taarifa), algorithimu (hatua za kutatua tatizo) na hisabati ya mantiki chuoni huwa anayafukuza usiku baada ya kazi, na wengi huchoka njiani. Nimeona wanafunzi wa pande zote mbili, na huo ndio mwelekeo ninaouona. Angekuwa na C ya hisabati ningekujibu tofauti kabisa, tena bila kusita.

Na lile daftari? Mtoto aliyechukua madeni ya mboga akayapanga, akatoa jibu kuhusu nyanya za Jumatatu, akakubishia na akashinda, anapenda kujua takwimu zinasema nini. Hiyo ni sayansi ya data ikiwa bado changa. Pia ni mifumo ya habari, maana hakuishia kwenye jedwali, alikuja kwako na ushauri wa biashara. Kwa hiyo mpango wangu ungekuwa huu: sayansi ya kompyuta kwanza, hasa katika chuo chenye masomo ya takwimu na hifadhidata katika mwaka wa tatu na wa nne. Ya pili, ile ya biashara na teknolojia ya habari. Ya tatu, teknolojia ya habari. Uhandisi wa programu unaweza kukaa popote kati ya hizo kama alama za mchujo, yaani za chini kabisa za kuingilia, zinamruhusu, ila kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hautofautiani sana na sayansi ya kompyuta. Uhandisi wa kompyuta uondoke, isipokuwa Shiro mwenyewe auombe, na aeleze kwa nini.

Lakini asichague sayansi ya kompyuta kwa sababu ya marafiki. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi katika barua yako, kuliko hata vita vya baba na mjomba. Marafiki watatawanyika, mmoja Eldoret, mwingine Maseno, na Shiro atabaki peke yake na masomo magumu kama kompaila na nadharia ya ukokotoaji. Mpe kazi ya jioni moja. Afungue tovuti za vyuo vitatu, atafute orodha ya masomo ya kila muhula katika kozi anazozitaka, aache mwaka wa kwanza kando kwa sababu hufanana karibu kote, asome wa pili na wa tatu. Kila somo aandike kando yake: ningependa, ningevumilia, ningekimbia. Kisha akueleze wewe, Mama Shiro, kwa Kiswahili, kila analolipenda linahusu nini. Akishindwa kukueleza, bado hajalielewa. Wewe ndiye mtahini mzuri zaidi wa mtihani huo kwa sababu hutamezeshwa maneno makubwa.

Mnaishi Thika Road, na hiyo ni bahati mnayoisahau. Vyuo vikuu vya Kenyatta, KCA na USIU viko barabara hiyo hiyo, na Juja ni matatu moja tu. Shiro aende mwenyewe siku ya kazi, asimame nje ya maabara ya kompyuta, awaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu maswali ambayo tovuti haijibu. Mashine zinatosha? Mhadhiri anakuja? Mlipoenda mafunzo ya kazini, nani aliwatafutia nafasi? Mgomo wa mwisho uliwarudisha nyuma kiasi gani? Chuo chenye jina dogo lakini chenye wahadhiri wanaoingia darasani nitakichagua kuliko chenye jina kubwa na maabara iliyofungwa kufuli. Na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huweka hadharani kozi zilizoidhinishwa. Kozi isiyokuwemo msiiguse, hata ikiwa karo yake ni nafuu.

Kuhusu alama, pointi za kundi, yaani za masomo manne ambayo kozi inayatazama, huhesabiwa juu ya 48, na kozi moja inaweza kuwa na mchujo tofauti sana kutoka chuo hadi chuo. Tovuti ya KUCCPS huonyesha mchujo wa miaka iliyotangulia. Shiro aweke chaguo moja la kutamani na mengine anayoyafikia kwa hakika. Angalieni pia masharti ya somo kwa somo, kwa sababu vyuo vingine hudai fizikia kwa sayansi ya kompyuta na vingine huridhika na sayansi nyingine. Hapo C+ yake inaweza kuwa mlango au ukuta. Na akipangiwa kozi asiyoipenda, kuna dirisha la kuomba uhamisho. Alitumie mapema, kabla masomo hayajaachana.

Binamu nimemwacha karibu na mwisho kwa sababu swali lake ni la haki ingawa anacheka. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, ni kweli kwamba mashine inaandika programu za kawaida kwa sekunde chache. Kazi zinazoumia kwanza ni zile za wanaoanza, na sitakudanganya kwamba Shiro akihitimu atakuta waajiri wamepanga foleni. Hata kabla ya akili unde hawakuwa wamepanga. Lakini mashine hiyo hukosea kwa ujasiri mwingi, na mtu asiyejua kinachoendelea ndani hawezi kuona kosa. Kuna pia maswali ambayo haiulizi. Nani angeiambia kwamba nyanya za Jumatatu ndizo zinazooza? Ilibidi mtu akae kibandani aone. Na kwa kuwa tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data, kampuni zinahitaji watu wanaojua taarifa za wateja ziko wapi na nani anaziona. Huyo binamu mwenyewe ningependa kumuuliza kitu kimoja: tangu amalize chuo, ametengeneza nini ambacho mtu mwingine anakitumia? Pengine anacho, na kama anacho, Shiro akione. Kama hana, basi hapo ndipo pa kuanzia, kwa wote wawili, kwenye saiba hiyo hiyo ya jirani.

Fedha. Mpango wa ufadhili wa serikali ulioanza 2023 humpima mwanafunzi kwa hali ya nyumbani kwake, kisha humpa mchanganyiko wa ruzuku isiyorudishwa na mkopo, familia ikijazia. Ruzuku hiyo ilikusudiwa vyuo vya umma. Anayepangiwa chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini asitegemee ruzuku. Kwa nyumba yenu, basi, chuo cha umma kwanza. Mjaze maombi kwa ukweli, mapato ya kibanda na ya gereji kama yalivyo, na mweke nakala ya kila karatasi. Mpango huu umebishaniwa mahakamani, kwa hiyo someni masharti ya mwaka wenu wenyewe, msitegemee aliyoyasikia jirani mwaka juzi. Na akiweza kulala nyumbani na kupanda matatu, mwaka wa kwanza utakuwa mwepesi kwa kodi ya chumba nzima.

Sasa rudi kwa Baba Shiro. Usimwendee na hoja zangu, atasema gazeti limemfundisha mkewe. Mpelekee ile orodha ya EBK na ile karatasi ya Shiro yenye ningependa, ningevumilia, ningekimbia, uwaache wawili hao wakae mezani bila wewe na bila mjomba. Shiro amuulize baba swali moja: injini ikiletwa gereji ikiwa na tatizo usilolijua, unaanzaje? Baba ataeleza jinsi anavyosikiliza, anavyopunguza uwezekano mmoja baada ya mwingine, anavyojaribu. Shiro amwambie kwamba hicho ndicho anachotaka kwenda kusomea, isipokuwa yeye atakifanya kwa data. Huenda asikubali siku hiyo. Akitishia tena nauli, mjomba aliyesema sana kuhusu kazi achangie, na mwenye saiba aulizwe kama anaweza kumlipa Shiro za wikendi.

Laptopu ndiyo itakayofuata, na najua ndiyo itakayokuumiza. Asinunue mpya. Zile za mitumba zinazouzwa mjini zinatosha kwa miaka miwili ya kwanza, mradi ina RAM ya GB 8 na diski ya SSD, na ijaribiwe hapo hapo dukani kabla hujalipa: betri, kibodi, skrini, Wi-Fi. Mjomba wa Luthuli anajua maduka ya kuaminika. Mtume huyo, na wala usichukue mkopo wa simu kwa ajili yake.